Kabla hujanunua kitu cha "kwanta", chukua kwanza miwani ya jua

Neno "kwanta" limeingia sokoni kabla ya kuingia darasani. Lipo kwenye kidani cha jiwe jeusi kinachodaiwa kumkinga mvaaji na mawimbi ya simu. Lipo kwenye bangili ya "kuongeza nguvu". Siku hizi lipo hata kwenye matangazo ya mitandaoni yanayomwahidi mfanyabiashara kwamba kuna programu itakayomnunulia na kumuuzia fedha za kigeni akiwa amelala, asubuhi akute faida. Maelezo ya wauzaji yanafanana: eti sayansi ya kwanta imegundua kuwa kitu kinaweza kuwa katika hali mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kifaa chao kinafanya kazi pande zote, au programu yao inajaribu biashara zote kwa mpigo kisha inakuchagulia yenye faida.

Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo imeokotwa kwenye sayansi ya kweli, na ndiyo maana inauza. Wanafizikia huliita jambo hilo supaposisheni. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, na Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka huohuo ilikwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, walioonyesha tabia za kwanta katika saketi ya umeme ambayo mtu anaweza kuishika mkononi. Kwa hiyo si uzushi.

Uzushi unaanzia pale muuzaji anapochukua neno la maabara na kulibandika kwenye bidhaa isiyohusiana nalo. Gharama yake si pesa tu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi iliwaonya wananchi kuhusu bidhaa 10, zikiwemo vidani na bangili zilizokuwa zikiuzwa kama kinga dhidi ya mawimbi ya 5G, kimojawapo kikiwa kimepewa jina la kidani cha kwanta. Vipimo vilionyesha kuwa zenyewe zilikuwa zinatoa mnururisho wa kudhuru. Mtu alikuwa amelipa pesa yake kujikinga na simu, kumbe amejifunga shingoni kitu kibaya kuliko simu.

Msomaji wa ukurasa huu anajua kukagua noti, mizani na lakiri ya mzigo. Neno hili nalo linakaguliwa, tena kwa kifaa kinachopatikana kwenye kila meza ya mchuuzi kuanzia Busia hadi Tunduma: miwani ya jua. Lakini kwanza tuangalie supaposisheni ya kawaida, ile ambayo kila mtu amekwisha kuiona.

MAWIMBI MAWILI, MAJI MAMOJA

Boti mbili zikipishana Ziwa Victoria, kila moja huacha mawimbi nyuma yake. Mawimbi hayo yakikutana hayasukumani kama watu mlangoni. Yanapita ndani ya mengine na kila moja kuendelea na safari yake. Pale yanapokutana, kimo cha maji ni jumla. Kilele cha sentimita 20 kikikutana na kilele cha sentimita 20, maji hupanda sentimita 40. Kilele kikikutana na bonde la kina hichohicho, maji hapo hubaki tuli kana kwamba hakuna boti iliyopita.

Hiyo ndiyo supaposisheni katika fizikia ya kawaida: sababu mbili, matokeo yanajumlishwa. Redio ndogo ya dukani pale Namanga inaishi kwa kanuni hiyo. Antena yake inapokea mawimbi ya stesheni za Kenya na za Tanzania kwa wakati mmoja, na umeme unaopita ndani yake kila sekunde ni jumla moja ya zote. Kitufe cha kutafutia stesheni kazi yake ni kuchambua jumla hiyo na kutoa moja. Vipokea sauti vya masikioni vinavyofuta kelele za ndege navyo hufanya hesabu ileile kwa kugeuza: hutengeneza bonde mahali ambapo kelele ina kilele.

Sasa weka alama hapa, maana tutaparudia. Mahali mawimbi mawili yanapokutana, maji hayako katika hali mbili. Yana kimo kimoja tu. Ni kama daftari la duka: kuna mauzo na kuna madeni, lakini jioni salio ni moja. Unaweza kuchomeka kijiti chenye alama za sentimita, ukasoma kimo hicho, na wimbi likaendelea bila kujali kwamba umelisoma. Na kama hukusoma, kimo kilikuwepo vilevile.

LENZI YA TATU

Tuje kwenye miwani. Kuna miwani ya jua inayouzwa ghali kidogo kwa jina la "polaraizidi", inayopendwa na madereva na wavuvi kwa sababu inakata mng'ao wa lami na wa maji. Siri yake iko katika namna mwanga unavyotikisika. Funga kamba kwenye nguzo, shika ncha ya pili, uitikise juu na chini: wimbi linakwenda kwenye nguzo likiwa limesimama. Itikise kushoto na kulia: wimbi linakwenda likiwa limelala. Mwanga nao hutikisika hivyo, kukata njia yake. Mwanga wa jua umechanganya mielekeo yote, lakini ule unaoruka kutoka kwenye maji au lami kwa kiasi kikubwa umelala. Lenzi ya polaraizidi hupitisha mtikisiko uliosimama na kuzuia uliolala.

(Hapa kuna faida ya pembeni kwa mnunuzi wa jumla. Chukua kikokotoo cha kawaida, kile chenye tarakimu nyeusi, ukiangalie kupitia lenzi huku ukiizungusha lenzi taratibu. Kama ni polaraizidi kweli, kuna mahali kioo chote cha kikokotoo kitakuwa cheusi. Kama hakibadiliki kabisa, umeuziwa kioo cheusi tu.)

Chukua lenzi mbili za aina hiyo na uzipange moja mbele ya nyingine. Zikielekea upande mmoja, unaona. Zungusha moja robo ya mzunguko, na giza linaingia: ya kwanza imepitisha mwanga uliosimama tu, ya pili inataka uliolala tu, na hakuna kinachobaki. Hadi hapo inaeleweka, ni kama chekecheo mbili.

Sasa chukua lenzi ya tatu, uiingize katikati ya hizo mbili, ikiwa imeinama mshazari, nyuzi 45. Mwanga unarudi. Umeongeza kizuizi na mwanga umeongezeka. Dhana ya chekecheo imevunjika, kwa sababu hakuna chekecheo inayoongeza unga kwa kuwekewa nyingine.

Fizikia ya kawaida inalieleza jambo hili vizuri, na kwa supaposisheni. Mtikisiko ulioinama mshazari ni jumla ya mtikisiko uliosimama na uliolala, vyote kwa kipimo sawa. Lenzi ya katikati ilipopokea mwanga uliosimama ilichukua sehemu yake ya mshazari na kuipitisha. Mwanga huo mpya wa mshazari una sehemu iliyolala ndani yake, na lenzi ya mwisho inaipokea. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliandika kanuni ya vipimo hivi mwaka 1809: pembe kati ya mwanga na lenzi ikiwa nyuzi 30 hupita robo tatu, nyuzi 45 hupita nusu, nyuzi 60 hupita robo. Katika lenzi zetu tatu ni nusu ya nusu, yaani robo ya mwanga uliotoka kwenye lenzi ya kwanza, pungufu kidogo kwa kuwa hakuna lenzi iliyo safi kabisa.

Kama mwanga ungekuwa wimbi la kawaida tu, makala ingeishia hapa.

FOTONI HAINA NUSU

Tatizo ni kwamba mwanga haupunguziki bila kikomo. Ukiendelea kuufifisha unafika mahali unakuja kwa punje, moja moja, na kila punje huitwa fotoni. Ni kama pesa ambayo sarafu yake ndogo kabisa haina chenji.

Sasa tuma fotoni moja ya mshazari kwenye lenzi iliyosimama. Malus anasema nusu ipite. Lakini hakuna nusu ya fotoni. Mwaka 1986, Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect wa Ufaransa walituma fotoni moja moja kwenye kioo kinachogawa mwanga njia mbili, wakaweka vihesabio viwili mwishoni. Vihesabio vyote viwili havikulia pamoja kwa fotoni moja. Kila punje ilipatikana nzima, huku au kule. Kisha waliondoa vihesabio, wakaziunganisha tena njia zile mbili, na fotoni hizohizo, zikienda moja moja, zikaonyesha alama za kujumlishana na kufutana kama mawimbi ya boti zetu. Aspect alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa majaribio mengine ya aina hii.

Kwenye lenzi ni hivyohivyo. Kati ya fotoni 100 za mshazari, takriban 50 hupita zikiwa nzima na takriban 50 huzuiwa zikiwa nzima. Ipi itapita? Hakuna kitu chochote ndani ya fotoni kinachosemwa na nadharia hii kuwa kimeshaamua. Kinachojulikana ni uwezekano tu.

Na hapa tofauti na ziwa inajitokeza. Pale ziwani jumla ilikuwa ya maji halisi, na ukipima unasoma jumla. Kwa fotoni, kinachojumlishwa ni namba zinazobeba uwezekano, ambazo wanafizikia huziita ampilitudi, na ukipima husomi jumla. Unapata jibu moja kati ya mawili, na ile jumla imeondoka. Fotoni iliyopita kwenye lenzi iliyosimama sasa imesimama. Mshazari wake haupo tena. Kijiti chako cha kupimia maji kimebadilisha wimbi.

LORI LILILOKO MALABA

Mfanyabiashara makini atasema: basi ni kutojua tu. Pengine fotoni 50 zilikuwa zimesimama tangu mwanzo na 50 zimelala, sisi ndio hatukujua ipi ni ipi.

Ni swali zuri, na ndilo linaloamua kesi nzima. Chukua mfano wa lori lililotoka Mombasa likiwa na mzigo wako. Usiku unajiuliza: limevuka Malaba au bado liko kwenye foleni? Unasema ni nusu kwa nusu. Lakini lori lenyewe haliko nusu kwa nusu. Liko mahali pamoja, dereva anapajua, na kama lina lakiri ya kielektroniki, watu wa forodha nao wanapaona kwenye kompyuta. Ile nusu kwa nusu iko kichwani mwako. Sarafu iliyofunikwa kwa kiganja ni hivyohivyo.

Je, fotoni ya mshazari ni lori la Malaba? Inapimika. Tuseme una makundi mawili ya fotoni 100. La kwanza ni mchanganyiko: 50 zimesimama, 50 zimelala, zimevurugwa usijue ipi ni ipi. La pili ni fotoni 100 za mshazari. Ukiyapitisha kwenye lenzi iliyosimama, yote mawili yanatoa takriban 50. Huwezi kuyatofautisha. Sasa inamisha lenzi nyuzi 45. Kundi la mchanganyiko linatoa takriban 50 tena, kwa sababu kila fotoni iliyosimama au iliyolala ina nafasi ya nusu mbele ya lenzi ya mshazari. Kundi la pili linapita lote, 100 kwa 100.

Hamsini na mia si tofauti ya maneno. Fotoni ya mshazari haikuwa "imesimama au imelala, hatujui". Ilikuwa katika hali ya tatu iliyo hakika kabisa, ila hakika yake inaonekana kwa anayeuliza swali la mshazari.

Kuna jambo jingine ndani ya hapo. Mshazari wa kulia ni "kusimama jumlisha kulala". Mshazari wa kushoto ni "kusimama toa kulala". Mbele ya lenzi iliyosimama, zote mbili hupita nusu. Mbele ya lenzi ya mshazari wa kulia, ya kwanza inapita yote na ya pili haipiti hata moja. Alama ya kutoa imeamua kila kitu, ingawa uwezekano wa kusimama na kulala ulikuwa uleule. Mjerumani Max Born ndiye aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba uwezekano hupatikana kwa kuzidisha ampilitudi kwa yenyewe, na ukizidisha hivyo alama ya kutoa inapotea machoni. Kwa hiyo anayeangalia uwezekano peke yake ni kama anayesoma daftari lenye viasi bila kuonyesha kipi ni deni na kipi ni mali.

NGOMA MBILI NA UBIA MMOJA

Paul Dirac, Mwingereza aliyefundisha Cambridge, alikataa kabisa supaposisheni hizi mbili zichukuliwe kuwa kitu kimoja kwa sababu tu hesabu zake zinafanana. Katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu kanuni za fizikia ya kwanta alitoa hoja fupi ambayo, kwa maoni yangu, inashinda maelezo marefu ya vitabu vingi vilivyofuata: jumlisha kitu na chenyewe uone kitatokea nini.

Piga ngoma moja, kisha piga mbili zinazolia sawasawa kwa pamoja. Sauti ni kubwa zaidi. Wimbi kujumlisha wimbi hilohilo ni wimbi jipya lenye kimo mara mbili, na linabeba nishati mara nne. Hali ya kwanta ukiijumlisha na yenyewe, unapata hali ileile, bila nyongeza yoyote. Fotoni ya mshazari haiwi ya mshazari zaidi.

Sababu ni kwamba katika kwanta kinachohesabika ni uwiano. Fikiria ubia wa watu wawili wa Gisenyi na Goma waliochangia mtaji nusu kwa nusu. Wakiongeza mtaji mara mbili kila mmoja, mgawo wa faida unabaki nusu kwa nusu. Ampilitudi za fotoni zinagawana uwezekano, na uwezekano wote ukijumlishwa ni 1, haupungui wala kuzidi. Ngoma haina mpaka huo.

Tofauti ya tatu, nayo ndiyo yenye pesa ndani yake, inaonekana vitu vikiwa vingi. Ongeza ngoma kwenye kundi na unakuwa na wimbi moja la ziada la kujumlisha: ngoma 50, mawimbi 50. Kwa kwanta, hali moja ya jumla inaweza kubeba ampilitudi kwa kila mpangilio wa vitu vyote kwa pamoja. Fotoni 3 zina mipangilio 8 ya kusimama na kulala. Fotoni 10 zina 1,024. Fotoni 50 zina zaidi ya trilioni 1,000. Hakuna mawimbi ya ziwani yanayokua hivyo, na ndiyo sababu watu wanajenga kompyuta za kwanta, ambazo punje zake za hesabu huitwa kyubiti.

Mbona basi lori halifanyi hivi? Alama za kujumlisha na kutoa ni nyepesi mno kuharibika. Hewa ikigusa, joto likitikisa, mwanga ukiruka kutoka juu ya kitu, habari za mahali kilipo zinasambaa kwenye mazingira na alama zinapotea. Kinachobaki ni uwezekano wa kawaida, kama ule wa lori. Mwaka 1999 watafiti wa Vienna walionyesha kufutana na kujumlishana kwa molekuli zenye atomi 60 za kaboni, lakini ilibidi zisafiri katika ombwe. Kompyuta nyingi za kwanta zinazotumia saketi za umeme hupozwa hadi sehemu ndogo ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri.

Bangili iko kwenye mkono wenye nyuzi 37. Muuzaji akisema jiwe lake ni la kwanta, hajadanganya kwa maana moja: kila atomi hufuata kanuni hizo. Kwa maana hiyo hata debe la maharage ni la kwanta.

MADAI YA "KUJARIBU YOTE"

Sasa tuirudie ile programu ya fedha za kigeni. Ni kweli kwamba kompyuta ya kwanta inaweza kuwekwa katika jumla ya majibu mengi sana. Lakini ukumbuke fotoni na lenzi: ukisoma, unapata jibu moja, kwa bahati, na mengine yametoweka. Kompyuta iliyofanya hivyo tu imekuchezea bahati nasibu kwa gharama kubwa.

Faida huja pale mtaalamu anapoweza kupanga alama za kujumlisha na kutoa ili njia zinazoelekea kwenye majibu mabaya zifutane, kama kilele na bonde, na zinazoelekea kwenye jibu zuri ziongezane. Upangaji huo unahitaji swali lenye umbo maalumu. Mmarekani Peter Shor alipata swali la namna hiyo mwaka 1994: kutafuta namba mbili zilizozidishwa zikazaa namba moja kubwa sana. Bei ya shilingi dhidi ya dola kesho asubuhi si swali la namna hiyo. Inategemea mambo ambayo bado hayajatokea, na kompyuta ya kwanta haina dirisha la kuona kesho.

PESA ILIYOKO KWENYE SIMU

Hata hivyo swali la Shor si la kupuuzwa na mtu anayetuma pesa kuvuka mpaka. Sehemu kubwa ya usimbaji fiche unaolinda mawasiliano ya benki na tovuti imejengwa juu ya ugumu wa kuvunja namba kubwa, au ugumu wa hesabu za jamii hiyo, ambazo njia ya Shor inaziweza pia. Kompyuta za kwanta zilizopo leo ni ndogo na zinakosea mno kufanya kazi hiyo kwa namba zinazotumika. Hofu ya wataalamu ni mtu anayenasa mawasiliano sasa na kuyahifadhi, akisubiri mashine ije.

Majibu yapo ya aina mbili. La kwanza linatumia supaposisheni yenyewe kama mlinzi. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walipendekeza kutuma ufunguo wa siri kwa fotoni: nyingine zimesimama, nyingine zimelala, nyingine za mshazari wa kulia au wa kushoto. Mwizi akizipima njiani hajui atumie lenzi gani. Nusu ya mara atakosea, na kila akikosea anaiharibu fotoni kama tulivyoona. Akizirudisha njiani ili asigundulike, mtumaji na mpokeaji wakilinganisha sehemu ya namba zao watakuta takriban robo zimekosewa, na watajua kuna mtu. Wimbi la redio halina ulinzi huo. Unaweza kulisikiliza usiku kucha bila kuacha alama. China ilirusha satelaiti iitwayo Micius mwaka 2016 kwa ajili ya majaribio haya, na Septemba 2017 mazungumzo ya video kati ya Beijing na Vienna yalilindwa kwa funguo zilizopatikana kwa msaada wake.

Jibu la pili ni la bei nafuu na ndilo litakalotufikia sisi. Agosti 2024 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa viwango vitatu vya usimbaji fiche mpya vilivyobuniwa kustahimili kompyuta za kwanta. Hesabu zake zinafanyika kwenye simu na kompyuta za kawaida, bila fotoni maalumu wala jiwe lolote. Programu ya ujumbe ya Signal ilianza kuweka kinga ya namna hiyo mwaka 2023, na iMessage ya Apple ikafuata 2024. Mtumiaji hakuombwa kununua kifaa. Ilikuja pamoja na sasisho la programu.

Benki yako ikikuambia inabadilisha mifumo kwa sababu ya kwanta, hiyo ni kazi halali na gharama ni yao. Mtu akikupigia akisema anabadilisha mfumo kwa sababu ya kwanta na anaomba namba yako ya siri, huyo ni yuleyule wa jana aliyekuambia umeshinda zawadi. Namba hiyo ya tarakimu chache haivunjwi kwa kyubiti. Huombwa kwa simu, hutazamwa juu ya bega pale kwa wakala, au laini husajiliwa upya kwa jina lako ukiwa upande wa pili wa mpaka.